Picha Zisizo na Wasemaji: Uhakiki wa Mpangilio na Maelezo ya Mikusanyiko ya Picha za Kale za Afrika ya Mashariki

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuyashughulikia maandishi yenye heshima ya fasihi: tenzi, mashairi, riwaya na tamthilia. Hata barua na hati za kale zimepata wachunguzi wake. Lakini iko aina moja ya maandishi ambayo haijapewa haki yake, nayo ni maneno machache yanayoandikwa chini ya picha, nyuma ya picha, au katika orodha ya maktaba inayoihifadhi picha hiyo. Maneno hayo huwa mafupi mno, pengine mawili au matatu tu, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa hayana jambo. Makala haya yanashikilia rai iliyo kinyume. Yanadai kwamba maelezo ya picha ni matini kamili yenye msemaji, msikilizaji, msamiati na msimamo, na kwamba yanastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote.

Anayelichukua kasha la picha zisizo na mpango, akazipanga na kuziandikia maelezo, hafanyi kazi ya ukarani peke yake. Kila anapoamua kwamba picha hii itangulie na ile ifuate, amesimulia. Kila anapochagua neno "mtumwa" badala ya "mpagazi", au "mwanamke wa Kiswahili" badala ya jina la mwanamke huyo, amehukumu. Na kwa kuwa msomaji wa baadaye huifikia picha kwa kupitia maneno hayo, hukumu hiyo ndiyo itakayoamua ni nani atakayeonekana na ni nani atakayebaki gizani ilhali sura yake ipo.

Mfano wa karibu unapatikana katika fasihi yenyewe. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa nusu ya kwanza ya karne ya 19, yalikuwa yakitembea vinywani mwa watu. Baadaye katika karne hiyo hiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika, akayafafanulia, na W. E. Taylor akazihifadhi karatasi hizo. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani, na mwaka 1979 M. H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mpana. Sehemu kubwa ya mashairi hayo inahusu mizozo ya Mombasa na Lamu, Pate na Unguja. Asiyejua beti zilielekezwa kwa nani, na kwa tukio gani, atayasikia maneno asiupate ujumbe. Kazi ya Mwalimu Sikujua basi haikuwa ya kuandika tu. Alikuwa mwenyeji aliyeyapa mashairi mahali pa kusimama. Picha za kale za pwani na bara ya Afrika ya Mashariki ziko katika hali hiyo hiyo, ila nyingi hazikumpata Mwalimu Sikujua wake.

Chanzo cha Vurugu

Ni vyema kwanza kueleza jinsi picha zinavyovurugika, maana vurugu nayo ina historia. Picha ziliingia pwani mapema. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, katika safari zake za miaka ya 1846 hadi 1848, alikuwa na chombo cha kupigia picha kwenye mabamba ya madini, na baadhi ya picha hizo zilichorwa upya na kuchapishwa pamoja na kitabu chake. James Augustus Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860. John Kirk, balozi wa Uingereza, alipiga nyingine katika miongo iliyofuata. Kisha wakaja wapigapicha wenye asili ya Goa, mathalani A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliofungua studio Unguja na kuwapiga picha masultani, matajiri, wageni na watu wa kawaida. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896 hadi ilipofika Ziwa Nyanza mwaka 1901, mpigapicha William Young aliifuata. Na tangu kampuni ya Kodak ilipoanza mwaka 1888 kuuza kamera nyepesi zenye filamu ya kuzungushwa, kila afisa, mmisionari na setla aliweza kujipigia mwenyewe.

Picha hizo zilibandikwa katika albamu, na albamu zikaenda Ulaya na wenyewe. Mwenye albamu alipofariki, warithi waliiuza. Mfanyabiashara aliyeinunua aghalabu aligundua kwamba kurasa zikiuzwa mojamoja huleta fedha nyingi kuliko albamu nzima, basi akaikata. Studio nazo ziliendelea kutoa nakala za picha zile zile kwa miaka mingi, zikaziuza kama postikadi, na sura moja ikaweza kupewa maelezo tofauti kila ilipotolewa upya. Kwa hivyo kasha la picha lililovurugika si sawa na chumba kisichofagiliwa. Ni mabaki ya biashara, mirathi na utawala, na vurugu hiyo yenyewe ni ushahidi ambao mpangaji asiyekuwa mwangalifu anaweza kuufuta kwa siku moja.

Mpangilio: Nani Asimulie?

Elimu ya nyaraka ina kanuni mbili kuu ambazo zilipata sura yake ya kisasa Ulaya. Ya kwanza, iliyoagizwa rasmi huko Ufaransa mwaka 1841, inasema kwamba karatasi zilizotoka kwa mtu au ofisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za wengine hata kama zinazungumzia jambo moja. Ya pili, iliyoelezwa kwa kina na Waholanzi Muller, Feith na Fruin katika kitabu chao cha mwaka 1898, inasema kwamba mpango aliouacha mwenyewe usivunjwe. Kanuni hizi zilitungwa kwa ajili ya barua na majalada ya serikali. Swali ni iwapo zinafaa kwa picha.

Wako wanaosema hazifai. Kwao, picha ni kitu kinachojitegemea, na anayetafuta picha hutafuta mada: majahazi, misikiti, wapagazi, ndovu. Kwa hivyo wanazipanga picha kwa mada, na albamu huvunjwa. Mpango huu una raha yake, kwani mtafutaji huhudumiwa upesi. Lakini hasara yake ni kubwa. Picha ya mpagazi aliyelala chini akiwa amechoka, ikiwa katika albamu ya mwindaji Mzungu kati ya picha mbili za pembe za ndovu, inasema jambo moja. Ikiwa katika kasha lililoandikwa "Kazi na Ajira", inasema jingine kabisa. Katika mpango wa kwanza msomaji humwona aliyeipiga, sababu ya kuipiga na walioonyeshwa. Katika mpango wa pili mpigapicha ametoweka, na picha inajidai kuwa ukweli usio na mwandishi. Mhakiki wa fasihi atalitambua kosa hili mara moja, kwani ni sawa na kuzikata tenzi zote beti kwa beti na kuzipanga upya kwa mada.

Kwa upande huu, Mkusanyiko wa Winterton ni mfano wa kusifiwa. Humphrey Winterton, Mwingereza aliyekusanya picha za Afrika ya Mashariki kwa muda wa miaka ipatayo thelathini, alipata picha zaidi ya 7,000 zilizopigwa baina ya mwaka 1860 hivi na 1960. Mwaka 2002 zilinunuliwa na maktaba ya masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na sasa zinaweza kuonekana kwa njia ya intaneti. Ziko katika mafungu yapatayo 75, yaani albamu, madaftari ya kubandikia na picha za mojamoja, na mafungu hayo yametambuliwa katika orodha. Msomaji anaweza kutafuta mada, lakini pia anaweza kuirudia albamu na kuona picha ilikuwa jirani ya ipi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba mafungu hayo yanahifadhi mpango wa waliokuwa na kamera na walionunua picha. Mpango wa waliopigwa picha haumo, wala hauwezi kupatikana kwa kanuni hizi mbili peke yake.

Vipi basi pale ambapo mpango wa awali umekwisha kupotea? Hapo mpangaji asijitungie mwingine akaudai kuwa wa asili. Kazi yake ni kufuata dalili: mhuri wa studio nyuma ya karatasi, nambari iliyokwaruzwa kwenye kioo, alama za gundi, mwandiko wa aliyeandika, zulia au pazia la studio linalojirudia katika picha mbalimbali. Dalili hizo zikikubaliana, picha zirudishwe pamoja na sababu iandikwe. Zisipokubaliana, picha ibaki pekee, na orodha iseme hivyo waziwazi. Aidha, mahali picha inapolala na mahali inapotajwa katika orodha si lazima pawe pamoja. Filamu za zamani za naitreti hushika moto kwa urahisi, na zile za asetati zikianza kuoza hunuka siki na kuziambukiza jirani zake. Hizo sharti zitengwe katika chumba cha baridi. Lakini kutengwa kwake rafuni kusiwe kutengwa katika simulizi; orodha iendelee kuzitaja pale zilipotoka.

Umuhimu wa dalili unaonekana vizuri katika picha za Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa na Sultani Barghash na kukamilika mwaka 1883. Zamani mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipoishambulia kasri, mnara huo uliharibiwa, na katika matengenezo ya mwaka 1897 mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jumba lenyewe. Kwa hivyo picha isiyo na tarehe inajitolea tarehe yake: mnara ukiwa mbali, ni ya kabla ya Agosti 1896, ukiwa umeshikana na jumba, ni ya 1897 au baadaye. Jambo hili halimhusu mwanahistoria peke yake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya jumba hilo iliporomoka pamoja na mnara wake. Wajenzi wanaotaka kujua boriti ilikaa wapi na baraza zilikuwaje wanazihitaji picha hizo, tena zikiwa zimepangwa kwa tarehe zinazoaminika. Picha iliyokosewa mwaka yaweza kumfanya fundi aijenge nyumba ambayo haikupata kuwapo.

Maelezo: Neno Moja Linapoficha Mengi

Baada ya mpangilio huja maelezo, na hapa ndipo lugha inapoingia kwa nguvu zake zote. Mikusanyiko mingi ya picha za Afrika ya Mashariki iliyoko ng'ambo imeelezwa kwa Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa. Si ajabu kwamba maktaba ya nchi fulani hutumia lugha ya nchi hiyo. Tatizo ni kwamba lugha hizo, zikikosa msamiati wa vitu vinavyoonekana, huvimeza vyote katika neno moja.

Chukuliwe mfano wa vyombo vya bahari. Kwa Kiingereza, karibu kila chombo cha tanga cha pwani huitwa kwa neno moja linalotamkwa "dau". Kumbe kwa Mswahili dau ni aina moja tu. Jahazi si mashua, mashua si ngalawa, na vyote hivyo si mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha ajabu cha visiwa vya Lamu: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, tanga lake lilikuwa la mkeka, na omo yake ilirefushwa kama shingo ya ngamia. Ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na picha zake si nyingi. Mtafiti anayetaka kuuona hawezi kuupata katika orodha iliyoandika neno moja kwa vyombo vyote, hata kama picha yake imo humo. Picha haijapotea, wala haijaungua. Imefichwa na neno.

Hali ni hiyo hiyo katika vitu vingine. "Pembe ya muziki" inaweza kuwa baragumu la kawaida au siwa, ile iliyokuwa alama ya enzi ya miji kama Lamu na Pate. "Kiti" kinaweza kuwa kiti cha enzi chenye kusukwa kwa kamba. "Kikapu" kinaweza kuwa pakacha, tenga, jamanda au kitunga, na kila kimoja kina kazi yake na watu wake. "Nguo" inaweza kuwa kaniki, merikani, kisutu au leso, na nguo ni shahidi mkubwa wa tarehe, wa cheo na wa hafla. Bibi aliyevaa kisutu yamkini amepigwa picha kwa sababu ya harusi. Kumwandika kuwa "mwanamke katika vazi la kienyeji" ni kulifunga jicho ambalo picha imelifungua.

Ipo pia taabu ya vichwa vya mada. Maktaba nyingi za Marekani, na nyinginezo duniani, hufuata orodha sanifu ya vichwa vya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika orodha hiyo Waswahili wamewekwa chini ya kichwa ambacho maana yake ni "watu wasemao Kiswahili". Wasomaji wa jarida hili wanaukumbuka mjadala mrefu wa "Mswahili ni nani?", mjadala ulioandikiwa makala na vitabu, kikiwamo kile cha Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff cha mwaka 1994. Mjadala huo haujakwisha, lakini orodha ya maktaba imekwisha kuuamua kimyakimya: Mswahili ni msemaji wa lugha, basi. Kwa kipimo hicho, bibi wa Siyu aliyepigwa picha mlangoni pake na mchimba madini wa Lubumbashi wataingia chini ya kichwa kimoja, ingawa wana historia mbili tofauti. Haisemwi hapa kwamba kichwa hicho kifutwe kesho. Inasemwa kwamba ni rai, wala si maelezo matupu, na msomaji anastahili kujua kuwa ni rai.

Majina ya Watu

Hasara iliyo kubwa kuliko zote ni ya majina ya watu. Katika maelezo ya kale, Mzungu aghalabu hutajwa kwa jina na cheo, na Mwafrika aliyesimama kando yake hutajwa kwa kabila au kazi: "askari", "boi", "mpagazi". Wako walioepuka. Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa David Livingstone hadi pwani baada ya kufa kwake mwaka 1873, walipigwa picha Uingereza mwaka 1874 na wanajulikana kwa majina mpaka leo. Wametajwa kwa sababu ya maiti waliyoibeba. Wenzao wengi walioibeba pamoja nao hawakupata picha wala maelezo.

Walther Dobbertin, mpigapicha Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam, alizipiga picha za Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na za vita vya 1914 hadi 1918. Picha zake nyingi zimo katika Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani, ambazo mwaka 2008 zilitoa hazina kubwa ya picha zake kwa umma. Wahifadhi hao walifanya jambo la busara: waliyaacha maelezo ya zamani jinsi yalivyo, na wakamwonya msomaji kwamba yanaweza kuwa na makosa, upendeleo au siasa za wakati wake. Kufuta maelezo hayo kungekuwa kufuta ushahidi wa fikra za watawala. Hata hivyo, onyo moja la jumla halitoshi. Linamwambia msomaji kwamba huenda kuna kosa, lakini halimwambii kosa liko wapi, wala jina la kweli ni lipi. Ni kama mhariri wa utenzi aliyeandika katika dibaji kwamba hati ina makosa, kisha asirekebishe ubeti hata mmoja.

Nyaraka za Taifa za Uingereza zilichukua njia nyingine. Mwaka 2011 zilizitandaza hadharani maelfu ya picha za Afrika zilizokuwa za Wizara ya Makoloni na wizara iliyoirithi, zikawaomba watu wote wazitambue sura na mahali. Hii ni hatua nzuri, kwa kuwa imekiri kwamba elimu ya picha haimo katika jumba la kuhifadhia. Lakini mwito ulitolewa kwa Kiingereza, kwa njia ya mitambo. Mzee wa Kaloleni au wa Kizimkazi, ambaye pengine ndiye aliyemjua mtu wa tatu kutoka kushoto, hakuusikia. Methali husema mwenye macho haambiwi tazama. Katika jambo hili mwenye macho hakuambiwa, na kwa hivyo hakutazama.

Je, Kiswahili Kina Mikono Safi?

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba dawa ni rahisi: maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na mambo yatanyooka. Dhana hiyo haina budi kuchunguzwa, maana Kiswahili nacho kina historia yake.

Katika maelezo mengi ya kikoloni limo jina "Wanyika" kwa watu ambao tangu miaka ya 1940 wamejulikana kwa jina walilojichagulia, Wamijikenda. Jina hilo la kwanza halikubuniwa na Wazungu. Ni neno la Kiswahili, lililotumiwa na watu wa miji ya pwani kwa jirani zao wa nyikani, na Wazungu walilipokea kutoka kwao. Vivyo hivyo maneno "mshenzi" na "ustaarabu" yalikuwa na kazi yake pwani kabla ya kuchukuliwa na dola. Mpangaji wa picha anayeandika Kiswahili bila kufikiri anaweza kuyarudisha matusi ya kale kwa sauti ya mwenyeji, na hilo ni baya zaidi kwa sababu litaaminiwa.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kinahifadhi tofauti ambazo lugha nyingine zimezipoteza. Wapagazi na askari wa misafara waliotoka Unguja walijiita "waungwana". Neno hilo lilidai heshima: kwamba mtu ni huru, ana mji, ana adabu, hata kama jana alikuwa mtumwa. Orodha inayowaandika "wapagazi" imetaja kazi yao na kuacha madai yao. Basi hoja si kwamba Kiswahili ni lugha safi. Hoja ni kwamba ndiyo lugha ambamo mabishano hayo yalifanyika, na mwenye kuijua anaweza kuyasikia.

Pingamizi la pili ni la istilahi. Husemwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa elimu ya nyaraka, na kwamba orodha za lugha nyingi huleta mchafuko, kwani vichwa sanifu ndivyo vinavyoziunganisha maktaba za dunia. Sehemu ya pili ya pingamizi hilo ni ya kweli, na haifai kupuuzwa. Mtafiti wa Nairobi hunufaika akiweza kutumia kichwa kimoja kupata picha zilizoko Illinois, London na Koblenz. Lakini hakuna anayelazimishwa kuchagua. Kichwa sanifu kinaweza kubaki kama mlango wa jumla, na maelezo ya Kiswahili yakawa ndiyo nyumba. Ama sehemu ya kwanza, istilahi huzaliwa na kazi. Lugha iliyopata maneno ya sheria, sarufi na ushairi haitashindwa na bamba la kioo.

Namna ya Maelezo Yanayofaa

Kutokana na uhakiki huu, maelezo bora ya picha yanapaswa kutenganisha tabaka nne za kauli ambazo sasa huchanganywa. Tabaka la kwanza ni maneno ya asili yaliyoandikwa kwenye picha, yanakiliwe herufi kwa herufi, hata yakiwa ya uongo au ya dharau, pamoja na kutaja yameandikwa wapi. Tabaka la pili ni yale yanayoonekana, yatajwe kwa majina yake halisi: mtepe uitwe mtepe. Tabaka la tatu ni utambuzi, yaani nani, wapi na lini, pamoja na ushahidi wake: je, ni mnara wa saa, ni mhuri wa studio, au ni kauli ya mtu aliyeulizwa? Tabaka la nne ni marekebisho ya majina, ya kale yakiunganishwa na ya sasa bila ya moja kulifuta jingine.

Tabaka hilo la nne lina manufaa yasiyotarajiwa. Picha iliyoandikwa "Port Florence" ni ya Kisumu, na jina lenyewe linaonyesha kwamba maelezo yanatoka katika siku za mwanzo za reli. "Bismarckburg" ni Kasanga, "Neu Langenburg" ni Tukuyu, na "Wilhelmstal" ni Lushoto; yote matatu yananuka utawala wa Kijerumani. Barabara ya Kenyatta mjini Nairobi ilipata kuitwa Sixth Avenue, kisha Delamere Avenue. Jina "Wakavirondo" limewafunika Waluo na Waluhya pamoja, na mpangaji hana budi kutazama picha upya kabla ya kusema ni akina nani. Kwa hivyo jina lililokufa ni saa iliyosimama: haitoi wakati wa leo, lakini inaonyesha wakati iliposimama. Mwenye kulifuta ameitupa saa hiyo.

Na katika tabaka la tatu, kauli za watu zipewe hadhi ya ushahidi. Mtu aliyeitambua sura ya nyanya yake aandikwe kuwa chanzo, akikubali, kama vile mtafiti anavyoitaja hati. Wawili wakipingana, kauli zote mbili ziandikwe. Wahariri wa tenzi wanaijua kazi hii siku nyingi. Ndivyo wanavyolinganisha hati zinazotofautiana, na hakuna aonaye aibu kuandika kwamba nakala moja inasema hivi na nyingine vile.

Hitimisho

Madai ya kurudishiwa nyaraka zilizochukuliwa na wakoloni yamepata nguvu, hasa tangu mwaka 2011 ilipodhihirika kwamba Uingereza ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni yake huko Hanslope Park. Madai hayo ni ya haki. Lakini picha zikirudi, au nakala zake zikipatikana kwa urahisi kwa njia ya mitambo, huku maelezo yake yakiwa ni yale yale, itakuwa imerudi karatasi bila ya watu walio ndani yake.

Idara za Kiswahili zina sehemu yake katika kazi hii, wala si sehemu ndogo. Ziko tasnifu nyingi za majina ya kanga, ya vyombo na ya mitaa, zipo kamusi, wapo wanafunzi ambao kila likizo hurudi katika miji na vijiji ambako picha hizo zilipigwa. Mkusanyiko mmoja mdogo, albamu moja tu ya Winterton au picha hamsini za Dobbertin, ukichukuliwa na kuelezwa kwa tabaka nne zilizotajwa, utakuwa kazi ya kitaaluma isiyopungua kuhariri utenzi.

Kazi hiyo haingoji. Mtoto wa miaka kumi aliyesimama mstarini katika picha ya shule ya mwaka 1955, kama yu hai, sasa ni mzee wa miaka themanini. Yeye anaweza kuwataja wenzake wote waliosimama naye, mmoja mmoja, na baba zao. Akishaondoka, picha hiyo itabaki katika kasha lake la baridi, imehifadhiwa vizuri, ikiwa na nambari na tarehe, na chini yake pameandikwa: wanafunzi.